BTU na kilowati zikikataa kukubaliana: tafuta kosa kwa kuanzia dalili

Watu wanaokwama kwenye kugeuza BTU (kizio cha Kiingereza cha joto) kuwa kilowati, au kilokalori kuwa wati, karibu wote huanza kwa maneno yale yale: "Nimepiga hesabu, lakini jibu halifanani na kilichoandikwa kwenye mashine." Kabla sijaangalia hesabu yenyewe, huwa nauliza swali moja tu. Ukigawanya jibu ulilopata kwa jibu ulilotarajia, unapata ngapi?

Namba hiyo ndiyo inayomtaja mkosaji. Makosa ya vizio hayatokei ovyo ovyo. Kila moja lina uwiano wake, na uwiano huo haubadiliki leo wala kesho. Ukipata 3.41, hilo ni kosa fulani. Ukipata 1,000, ni jingine kabisa, wala huna haja ya kukagua mistari ishirini ya hesabu ili kulipata.

Kuna jambo moja lazima likae sawa kichwani kwanza, maana bila hilo mwongozo huu wote utakupoteza. Kilowati moja ya joto na kilowati moja ya umeme ni kilowati ile ile: joule 1,000 kila sekunde. Ukigeuza kizio, hakuna kinachopotea wala kinachoongezeka. Umebadilisha jina tu. Kupoteza nishati, au kuhamisha joto kutoka hapa kwenda pale, ni kazi ya mashine. Kwa hiyo uwiano ukibaki ule ule kila unapojaribu na mashine nyingine, kosa liko kwenye kizio. Uwiano ukipandapanda na kushuka kutoka mashine hadi mashine, vizio vyako viko sawa na unachokiona ni tabia ya mashine.

Anza na haya, dalili yoyote iwayo

Andika kizio kizima pamoja na muda wake. BTU peke yake ni kiasi cha nishati, kama ilivyo kWh (kilowati-saa). BTU kwa saa ni nguvu, kama ilivyo kW. Vibandiko vya viyoyozi huandika "BTU 12,000" na kuliacha neno "kwa saa", na mafundi wamezoea hivyo, lakini kwenye karatasi ya hesabu neno hilo lirudishe.

Kisha soma tena kibandiko cha mashine. Je, namba ile ni ya nguvu inayoingia au inayotoka? Mashine nyingi huandika zote mbili kwenye mistari inayofuatana, kwa herufi ndogo, na jicho huangukia ile kubwa.

Halafu rudia hesabu kutoka mwanzo kwa namba hizi, usitegemee ulizokariri:

- Wati 1 = BTU 3.412 kwa saa; kilowati 1 = BTU 3,412 kwa saa
- Kilowati 1 = kilokalori (kcal) 860 kwa saa; kcal 1 kwa saa = wati 1.163
- Tani 1 ya upoozaji = BTU 12,000 kwa saa = kilowati 3.517
- Nguvu ya farasi 1 (hp) = wati 745.7; ile ya metriki = wati 735.5
- BTU 1 = joule 1,055

Ukaguzi wa haraka kuliko wote ni mpangilio wa ukubwa. Kwa nguvu ile ile, namba ya BTU kwa saa huwa kubwa zaidi, ya wati hufuata, ya kcal kwa saa huwa ndogo zaidi: 3,412, kisha 1,000, kisha 860. Jibu lako likivunja mpangilio huo, umezidisha mahali pa kugawanya.

Sasa chukua uwiano wako. Ukiwa chini ya 1, ugeuze: gawanya 1 kwa uwiano huo. Chukua tarakimu tatu, maana 3.41 na 3.52 ni majirani lakini makosa yao hayana undugu.

| Uwiano | Mshukiwa wa kwanza |
|---|---|
| 1.01 | hp ya metriki imetumika badala ya ile ya Kiingereza |
| 1.1 hivi | Thamani ya juu na ya chini ya joto la gesi. Au tani ya Kijapani |
| 1.16 | kcal kwa saa imesomwa kama wati |
| 1.25 | kVA imesomwa kama kW |
| 1.34 | hp imesomwa kama kW |
| 1.80 | Nyuzi za Selsiasi zimechanganywa na za Farenhaiti |
| 3.41 | BTU kwa saa imesomwa kama wati |
| 3.52 | Tani ya upoozaji imesomwa kama kW |
| 3.97 | kcal imesomwa kama BTU |
| 4.19 | kcal imesomwa kama kJ |
| 11.6 | Umezidisha pa kugawanya |
| 24 | Namba ya kutwa nzima imesomwa kama ya saa moja |
| 60 au 3,600 | Dakika au sekunde zimesomwa kama saa |
| 1,000 | Kilo, herufi M, au koma |

Dalili: kiyoyozi cha BTU 12,000 kinatoa 3.5 kW kwenye hesabu, lakini mita inasoma kilowati moja tu

Hii ndiyo inayoripotiwa kuliko zote, na mara nyingi hakuna kilichoharibika.

Sababu ya kawaida kabisa: BTU 12,000 ni joto ambalo kiyoyozi kinaliondoa chumbani kila saa, wala si umeme kinaoula. Umegeuza kizio vizuri, 12,000 ÷ 3,412 ni 3.517 kW kweli, ila umekilinganisha na kitu kingine. Kiyoyozi hakitengenezi baridi kwa kuchoma umeme. Kinatumia umeme kuendesha kompresa, na kompresa inalibeba joto kutoka ndani na kulimwaga nje. Kubeba ni rahisi kuliko kutengeneza, ndiyo maana umeme kidogo unahamisha joto jingi.

Tafuta kwenye kibandiko mstari wa umeme unaoingia. Tuseme umeandikwa wati 1,085. Gawanya joto kwa umeme, vyote viwe wati: 3,517 ÷ 1,085 = 3.24. Huo ndio uwiano wa utendaji, unaoandikwa COP. Kuna watengenezaji wanaopendelea EER, yaani BTU kwa saa zikigawanywa kwa wati bila kugeuza chochote: 12,000 ÷ 1,085 = 11.06. Ni kitu kile kile kilichovaa nguo mbili. EER ukiigawanya kwa 3.412 unapata COP.

Kuna mtego hapa uliowahi kunipotezea mchana mzima. Kiyoyozi chenye COP ya 3.4 hivi kina EER ya 11.6 hivi, na namba hizo mbili ndizo zile zile zilizo kwenye jedwali kama makosa ya vizio. Unaweza kuitazama mashine nzima ukadhani ni kosa la kalukuleta, au kinyume chake. Njia ya kuwatenganisha ni ile niliyosema mwanzo: piga hesabu ile ile kwa mashine ya pili yenye ukubwa tofauti. Uwiano ukihama kutoka 3.24 kwenda 2.9 au 3.8, ni mashine. Ukiganda kwenye 3.412, ni kizio.

Sababu ya pili: kiyoyozi ni cha inveta, na kimeshafikia ubaridi uliokipangia, hivyo kompresa imepunguza mwendo. Mita inaweza kusoma wati 400 na kila kitu kikawa salama. Kibandiko cha aina hii huonyesha kiwango cha chini na cha juu. Shusha halijoto ya rimoti hadi mwisho, subiri dakika kumi na tano, pima tena.

Sababu ya tatu: kiyoyozi kimetajwa kwa "hp". Katika biashara ya viyoyozi, "hp 1" ni jina la ukubwa linalomaanisha takribani BTU 9,000 kwa saa za upoozaji, na "hp 1.5" ni BTU 12,000. Jina hilo halina uhusiano na hp ya fizikia, ambayo ukiigeuza inatoa BTU 2,544 kwa saa tu. Ukiona uwiano kati ya 3.1 na 3.6 kwenye kiyoyozi kilichouzwa kwa hp, usihangaike na hesabu. Soma BTU kwenye kibandiko, hiyo hp iache ibaki dukani.

Sababu adimu zaidi: kiyoyozi kinakula umeme pungufu sana na chumba hakipoi. Hapo huenda gesi ya upoozaji imevuja au kompresa haifanyi kazi. Unachoweza kukagua mwenyewe ni vichujio, majani au vitambaa vilivyoziba sehemu ya nje, na barafu kwenye mabomba.

Simama hapa. Gesi ya upoozaji iko chini ya shinikizo, na baadhi ya aina zinazotumika siku hizi hushika moto. Usifungue bomba wala kuongeza gesi mwenyewe. Mwite fundi wa viyoyozi.

Na neno moja kuhusu breka. Aliyechukua 3.5 kW akaigawanya kwa volti 230 anapata ampea 15, akaenda kufunga breka kubwa, ilhali mashine inahitaji ampea 5 hivi. Breka kubwa si usalama wa ziada. Breka iko pale kuulinda waya. Ikizidi uwezo wa waya, waya utaungua huku breka ikiwa imetulia. Fuata ukubwa wa juu uliotajwa na mtengenezaji, na kazi ya kubadilisha breka au waya mwachie fundi umeme.

Dalili: hita ya chumba ya BTU 5,000 inaangusha breka, ilhali kiyoyozi cha BTU 12,000 hakiangushi

Ni mkasa ule ule uliogeuzwa. Hita yenye waya wa moto haibebi joto kutoka popote. Inalitengeneza lote kwa umeme. Kila BTU inayotoka imelipiwa na umeme ulioingia, moja kwa moja. BTU 5,118 kwa saa ni wati 1,500 kamili, nazo zote zinapita kwenye plagi: ampea 6.5 kwa volti 230, au ampea 12.5 mahali ambapo umeme ni volti 120. Hita mbili kwenye waya mmoja wa upanuzi zinaongeza mara mbili.

Kwa hiyo usilinganishe BTU ya hita na BTU ya kiyoyozi ili kujua nani anakula umeme zaidi. Geuza hita kwa 3.412 na umemaliza. Kiyoyozi lazima ukigawanye na kwa COP.

Simama hapa. Plagi ikiwa ya moto mkononi, soketi ikibadilika rangi au ukinusa plastiki inayoungua, zima kwenye meinswichi na usirudishe breka tena na tena. Breka inayoanguka inakueleza jambo.

Dalili: jibu limezidi au kupungua mara elfu moja

Mshukiwa wa kwanza ni herufi M. Kwenye vizio vya metriki M ni milioni. Kwenye hati za boila na gesi za Marekani, M ya zamani ni elfu ya Kirumi: MBH ni BTU elfu moja kwa saa, na MMBTU ni BTU milioni moja, yaani elfu mara elfu. Boila ya MBH 100 ni BTU 100,000 kwa saa, sawa na kilowati 29.3. Aliyeisoma kama milioni mia anapata megawati 29, kiwanda kizima. Ugumu ni kwamba wapo wanaoandika MBTU wakimaanisha milioni, hivyo herufi peke yake haitoshi. Angalia ukubwa wa bomba la gesi au jina la mashine, uone kama namba inaingia akilini.

Mshukiwa wa pili ni koma. Hati ya Ujerumani au Ufaransa ikiandika 3,517 kW, inamaanisha tatu nukta tano. Programu nyingi za lahajedwali zitaisoma kama elfu tatu na mia tano bila kukuonya.

Wa tatu ni "kalori" ya lishe, ambayo kwa kweli ni kilokalori.

Dalili: uwiano ni 3.41, 11.6, 3.97 au 4.19

Hizi ni za karatasi tupu, hazihitaji bisibisi. Ukipata 3.41 hukugeuza kabisa. Ukipata 11.6, uligeuza kuelekea upande mbaya, maana 3.412 mara 3.412 ni 11.64. Katika lahajedwali kosa la 3.41 hutokea zaidi pale ambapo safu moja ina kichwa "W" lakini mtu mwingine alibandika ndani yake namba za BTU. Tenganisha safu, andika kizio kwenye kila kichwa, na usiache namba 3.412 ikiwa imefichwa ndani ya fomula; iweke kwenye kisanduku chake ionekane.

3.97 na 4.19 hutoka kwenye kilokalori. Kcal moja ni BTU 3.968, na ni kJ 4.187. Ziko karibu kiasi kwamba aliyefupisha uwiano wake kuwa "4" hawezi kujua kosa lipi ni lake.

Kuhusu 1.8: inapojitokeza kwenye hesabu ya joto linalopita ukutani au kwenye maji, kosa liko kwenye tofauti ya halijoto. Tofauti ya nyuzi 10 za Selsiasi ni tofauti ya nyuzi 18 za Farenhaiti, basi. Ile 32 haijumlishwi, kwa sababu hatugeuzi usomaji wa kipimajoto. Tunageuza pengo kati ya halijoto mbili zilizosomwa. Aliyejumlisha 32 anapata 50, na uwiano wake utakuwa 2.78, namba isiyo kwenye jedwali langu kwa sababu hubadilika kila pengo linapobadilika. Hilo ndilo kosa pekee la kizio ninalolijua linalojifanya mashine.

Dalili: hita ya maji inachelewa kuliko hesabu

Hapa kizio na mashine vinakutana, na panastahili utulivu.

Kupasha lita moja ya maji kwa nyuzi moja ya Selsiasi kunahitaji wati-saa (Wh) 1.163. (Ni ile 1.163 ya jedwali, na si kwa bahati: kilokalori ilitokana na kupasha kilo moja ya maji kwa nyuzi moja, kama BTU ilivyotokana na ratili moja na nyuzi moja ya Farenhaiti.) Tangi la lita 80, maji yakitoka nyuzi 22 hadi 60, linahitaji 80 × 38 × 1.163 = Wh 3,536. Elementi ya kilowati 2 inamaliza kwa saa 1 na dakika 46. Wewe unasubiri saa mbili na robo. Nini kimekula nusu saa?

Kwanza shuku volti. Elementi haitoi wati zilizoandikwa juu yake isipokuwa ipewe volti zilizoandikwa juu yake, na nguvu yake hushuka kwa kipeo cha pili cha volti. Ikiwa imeandikwa 230 na umeme unaokufikia ni 205, piga (205 ÷ 230) kipeo cha pili, ni 0.794. Kilowati mbili zimekuwa 1.59, na muda umekuwa saa 2 na dakika 13. Umepata nusu saa yako bila kitu chochote kuharibika.

Pili, maji yaliyoingia ni baridi kuliko ulivyokadiria, au kuna anayefungua bomba wakati yanapashwa. Pima kwa kipimajoto, usikadirie kwa mkono.

Tatu, joto linalovuja kupitia ganda la tangi. Jaribu hivi: pasha, zima, usitumie maji, pima baada ya saa kadhaa. Lita 80 zikishuka nyuzi 5 zimepoteza Wh 465.

Nne, tangi lina elementi mbili na moja imekatika. Muda unakuwa karibu mara mbili, na dalili hiyo haifichiki.

Kuhusu magadi yanayoganda kwenye elementi, nataka kusema wazi, kwa sababu yanalaumiwa kwa kisichokuwa kosa lao. Magadi hayapunguzi umeme unaoingia. Ukinzani wa waya wa ndani ni ule ule, na joto lote halina pa kwenda ila majini. Yanachofanya ni kuifanya elementi iwe ya moto kupita kiasi ndani ya ganda lake, ianze kunguruma, na mwisho ikatike. Yasafishe kwa ajili ya uhai wa elementi. Usitarajie yaeleze nusu saa.

Fundi mwenye mita atapima ukinzani wa elementi, umeme ukiwa umezimwa na nyaya zimechomolewa. Namba ya kutarajia ni volti kipeo cha pili gawanya kwa wati: 230 × 230 ÷ 2,000 = omu 26.45. Ikisoma bila kikomo, imekatika.

Simama hapa. Ukisikia mshtuko hata mdogo kwenye bomba au maji, ukiona maji kwenye mahali nyaya zinapoingia, au breka ya kuzuia mshtuko ikianguka kila hita inapowashwa, zima kwenye meinswichi, usiguse maji, mwite fundi umeme. Vali ya usalama ikitoa mvuke, zima na usiizibe kamwe: tangi lisilo na pa kupumulia ni hatari kwa nyumba nzima.

Dalili: tofauti ni ndogo, asilimia moja hadi tatu

Kwa kazi nyingi ningekuambia uiache. Lakini kama ni mkataba au bili, wafuate hawa kwa mpangilio.

Mfupisho wa namba huongoza. Kugeuza BTU kwa saa kuwa kilowati unazidisha kwa 0.000293071. Aliyeandika 0.0003 ameongeza asilimia 2.4, aliyeandika 0.00029 amepunguza asilimia 1. Afadhali ugawanye kwa 3,412.14 kuliko kuzidisha kwa sufuri nyingi. Anayefuata ni hp ya metriki dhidi ya ile ya Kiingereza: asilimia 1.4. Wa mwisho ni aina za BTU zenyewe, kwa sababu maji hayahitaji joto sawasawa katika kila halijoto. Kati ya BTU mbili zinazotumika zaidi, tofauti haifiki hata asilimia 0.1.

Namba inayounganisha kazi na joto, tunayoichukulia kirahisi, ilitafutwa kwa jasho. James Prescott Joule alitumia miaka mingi, kuanzia muongo wa 1840, kupima ni kazi kiasi gani huzaa joto kiasi gani, akikoroga maji kwa mapangaboi yanayozungushwa na uzito unaoshuka. Kipimo chake cha 1878, futi-ratili 772.55 kwa BTU moja, kimechongwa kwenye jiwe la kaburi lake. Leo tunaandika 778.17. Kwa vifaa vya wakati ule alikosea chini ya asilimia moja, jambo ambalo hunifanya nimheshimu kila ninapobonyeza kitufe cha kugawanya.

Dalili: tofauti ni asilimia kumi hivi

Kwenye vifaa vya gesi, sababu ya kwanza ni thamani ya juu na thamani ya chini ya joto. Gesi ikiungua huzaa mvuke wa maji. Ukihesabu joto ambalo mvuke ungerudisha kwa kugeuka maji, unapata thamani ya juu. Usipolihesabu, thamani ya chini. Kwa gesi asilia pengo ni karibu asilimia 11. Ndiyo sababu boila za kisasa zinazovuna joto la mvuke hutangazwa kuwa na ufanisi wa zaidi ya asilimia 100: joto limepimwa dhidi ya thamani ya chini. Uliza msingi uliotumika, kisha linganisha vitu vya msingi mmoja.

Kwenye upoozaji, shuku tani. Ile ya kawaida ilitokana na barafu: ratili 2,000 zikiyeyuka kwa saa 24, kila ratili ikimeza BTU 144, ni BTU 288,000, na ukigawanya kwa 24 unapata 12,000. Tani ya Kijapani ni kcal 3,320 kwa saa, yaani kilowati 3.86.

Pengo likiwa la asilimia 20 kwenye kifaa cha gesi, huenda umelinganisha BTU zinazoingia na zinazotoka.

Simama hapa. Harufu ya gesi, mwali wa njano, masizi, au kichwa kuuma kila boila inapowaka: funga gesi ikiwa unaweza kuifikia salama, usiwashe wala kuzima swichi yoyote, fungua milango, tokeni nje, kisha mwite fundi wa gesi mkiwa huko nje.

Dalili: chumba cha kompyuta kimefungiwa kiyoyozi cha ukubwa usio sahihi

Umeme wote unaoingia kwenye kompyuta hugeuka joto ndani ya chumba kile kile, hivyo hapa kizio kinatosha: kilowati mara 3,412. Swali ni kilowati zipi.

Niliwahi kuletewa pendekezo la mkandarasi mmoja aliyechukua UPS (mashine ya betri inayoshikilia umeme ukikatika) ya kVA 10, akaizidisha kwa 3,412, akapata BTU 34,120. Mita ya chumba ilikuwa imesoma kWh 3,024 kwa siku 30. Gawanya kwa saa 720: ni kilowati 4.2. Joto halisi ni BTU 14,330 kwa saa, tani 1.2. Alifanya makosa mawili kwa pamoja. Alichukua uwezo wa UPS badala ya mzigo wake, na akachukua kVA kama kW. kVA ni volti mara ampea; kW ni sehemu inayofanya kazi kweli, na kwa pawa fakta ya 0.8 ni nne ya tano tu. Joto hufuata kW.

Kuongeza kidogo kwa ajili ya watu, taa na jua ni sawa. Kuongeza maradufu si tahadhari. Kiyoyozi kilichozidi huwaka na kuzimika kila mara, hakikaushi hewa, na kompresa huchoka mapema.

Dalili: jenereta au mtambo "unapoteza" theluthi mbili

Mtambo wa nyuklia wa megawati 3,000 za joto hutoa megawati 1,000 hivi za umeme. Anayeona namba mbili anadhani moja imegeuzwa vibaya. Hakuna kosa: ya kwanza ni joto, huandikwa MWth, ya pili ni umeme, huandikwa MWe. Umeme unageuka joto lote bila ubishi, lakini joto halikubali kurudi kuwa umeme lote, hata mtambo uwe mzuri namna gani.

Mitambo ya mafuta na gesi hueleza jambo hili kwa BTU zinazochomwa kwa kila kWh ya umeme. Gawanya 3,412 kwa namba hiyo upate ufanisi: BTU 8,530 kwa kWh ni asilimia 40. Kuna mpaka mmoja usiovukika hapa: ukiona mtambo wa kuchoma mafuta wenye namba chini ya 3,412, rudi kwenye hesabu, maana unadai umeme mwingi kuliko joto lililouzaa.

Kwa jenereta ya kilowati 100 yenye ufanisi wa asilimia 38, mafuta yanaingiza kilowati 263, na 163 zinatoka kama joto kupitia bomba la moshi, rejeta na mwili wa injini. Injini ikichemka ndani ya banda ilhali mzigo uko chini ya kiwango, anza na upana wa matundu ya hewa na rejeta iliyoziba vumbi kabla ya kuilaumu pampu ya maji.

Simama hapa. Usipunguze joto la banda kwa kukata au kufupisha bomba la moshi, na usiendeshe jenereta ndani ya nyumba hata madirisha yakiwa wazi. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayoua. Kazi yoyote ya bomba la moshi au ya kuunganisha jenereta na nyaya za jengo ni ya fundi aliyesajiliwa.